Peugeot 504: Mengi Yanayoitwa Maboresho ni Tiba ya Uchakavu

Anayeamua kufufua Peugeot 504 huwa tayari ana orodha ya vitu anavyotaka kubadilisha: usukani mwepesi, breki kali, feni ya umeme, taa za LED, shokapu za gari jingine, na AC. Sehemu kubwa ya orodha hiyo inaweza kufutwa. Usukani mzito, breki zinazovuta upande, injini inayochemka na taa hafifu ni dalili za gari lililochakaa, si kasoro za gari lilivyobuniwa. Ukibadilisha kifaa kabla ya kurudisha kile cha awali katika hali yake, unaufunika ugonjwa kisha unajenga juu yake. Yapo machache ambayo 504 inayakosa kweli kwa barabara za leo. Hayo yafanywe, yafanywe vizuri, na yafanywe kwa namna inayoweza kuondolewa bila kuacha tundu.

504 ilizinduliwa mwaka 1968 na mwaka uliofuata ikatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Wahandisi wake waliipa springi ndefu laini, siti nene zenye viegemeo vya kichwa mbele, diski za breki kwenye magurudumu ya mbele, na kwa saluni nyingi, magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake. Stesheni wagoni yake ina ekseli moja inayounganisha magurudumu ya nyuma, lakini imekalia springi nne za koili, na umbali kati ya ekseli zake ni mita 2.90 badala ya 2.74 za saluni. Ndiyo maana iliweza kubeba abiria na mizigo kwenye safari ndefu za Kenya kwa miaka mingi bila kuwavunja watu viuno. Katika Safari Rally, Peugeot 404, iliyoitangulia 504, ilikuwa imeshinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, miwili kati ya hiyo ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania. 504 ikashinda mwaka 1975 kwa mikono ya Ove Andersson na mwaka 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas. Gari lililopita huko halihitaji kufundishwa starehe ya barabara mbaya. Linahitaji bushi mpya, yaani mipira ya kwenye maungio.

Kazi ianzie kwenye bati, na ianzie chini. Rangi ndiyo humaliza bajeti ya wengi, kisha gari hurudi barabarani likiwa na kizingiti cha mlango kilichojazwa puti. Kwa gari lililoishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, kutu huwa ndani ya vizingiti, pembe za sakafu, sehemu za kuwekea jeki, sakafu ya buti, na juu ya minara inayoshika shokapu za mbele. Gonga kwa kinyundo kidogo: bati zima hulia, bati lililooza au lenye puti huitika kwa kishindo kizito. Sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa chembamba itakuambia mengine. Kata hadi ufikie bati safi, kisha chomelea kipande cha unene uleule, kwa kawaida milimita 0.8 hadi 1, kwa mashine ya MIG (inayojilishia waya wa kuchomelea) yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8. Weka nukta za kuchomelea kila baada ya milimita 25 hadi 30, ukiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, halafu jaza nafasi polepole. Fundi anayevuta mshono mrefu kwa mkupuo mmoja huliachia bati joto linaloikunja paneli, na hapo ndipo puti ya sentimita nzima hupata kazi. Kabla ya kuchomelea, toa waya wa betri na wa alteneta. Baada ya rangi, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti na milango, na hakikisha matundu ya kutolea maji chini yake hayakuzibwa. Matundu yakizibwa, maji ya mvua hukaa ndani na kizingiti kipya huanza kuoza toka ndani.

Sasa usukani. 504 nyingi hazina msaada wa usukani, na mtu aliyezoea Toyota ya kisasa huona ni mzito wakati wa kuegesha. Kabla ya kutafuta mota ya umeme, inua magurudumu ya mbele na uzungushe usukani kwa kidole. Ukikwama hapo, uzito unatoka kwenye beringi za juu za shokapu, boljointi zilizokauka, au reki ya usukani iliyoishiwa grisi chini ya mfuko wa mpira uliochanika. Ukizunguka kwa wepesi, tazama matairi na upepo wake. Mara nyingi haya yakirekebishwa, hamu ya mota huisha yenyewe. Wapo wanaofunga mota kutoka kwenye nguzo ya usukani ya gari dogo la Kijapani, ikafichwa chini ya dashibodi isionekane. Inawezekana, lakini kazi hiyo hukata nguzo ya usukani, na nguzo iliyokatwa kisha kuunganishwa kwa kuchomelewa gereji ni kitu ambacho siwezi kukikubali kwenye gari la familia. Mshono huo ukipasuka, dereva hana usukani. Anayelazimika afanye kwa viungo vya meno vilivyotengenezwa kiwandani, vyenye bolti ya kubana, na nguzo ya awali ihifadhiwe nzima.

Kosa jingine la chini ya gari ni kuliinua kwa vipande vinavyowekwa juu ya springi. Kwenye saluni ya magurudumu huru nyuma, kuinua mwili hubadilisha pembe ya gurudumu: sehemu ya juu hutoka nje, tairi huliwa upande mmoja, na viungo vya shafti hufanya kazi katika mkunjo ambao havikuundiwa. Ikiwa gari limelala, springi zimechoka. Nunua springi za modeli yako, na kumbuka kwamba za stesheni wagoni na za saluni si kitu kimoja hata kama fundi ataapa zinaingia.

Matairi yanastahili uangalifu kuliko yanavyopata. 504 nyingi zilitumia 175 R14, tairi la zamani lenye kipenyo cha milimita 643 hivi. 175/80 R14 hupungua kwa asilimia 1 tu, na 195/70 R14 kwa asilimia 2 na kidogo. 185/70 R14, ambalo huonekana kuwa chaguo rahisi, hupungua kwa zaidi ya asilimia 4: injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule, spidomita itasoma juu ya ukweli, na gari litakuwa karibu na mawe. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata (mikato ya juu) nzima lililokaa miaka 12 kwenye gari la maonyesho lina mpira mgumu usioshika lami yenye maji, na nyuzi zake zinaweza kuachana kwenye joto la barabara kuu.

Breki ndizo hulalamikiwa kuliko kitu kingine, na karibu kila mara mkosaji ni mpira. Hosi ya breki huvimba upande wa ndani huku nje ikionekana nzima. Ukikanyaga, nguvu ya mguu husukuma mafuta yapite. Ukiachia, mafuta hayarudi kwa sababu hakuna kinachoyasukuma ila muumuko mdogo wa sili. Breki hubaki imeshika, gari huvuta upande mmoja, na diski hupata moto. Fundi asiyejua hubadilisha kalipa (kifaa kinachoibana diski), kisha tatizo hurudi wiki ya pili. Njia ya kujua ni rahisi: gurudumu likiwa limeshika, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Likiachia, shinikizo lilikuwa limefungiwa humo, na hosi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Likiendelea kushika, pistoni ya kalipa ina kutu.

Hapa kuna mtego unaowanasa wapenzi wa uasili. Spea za Peugeot ambazo hazijawahi kutumika, zikiwa bado katika boksi lake la miaka ya 1970 au 1980, husakwa kama dhahabu kuanzia Kirinyaga Road ya Nairobi hadi Gerezani ya Dar es Salaam. Kwa chuma ni sawa. Kwa mpira ni hatari. Hosi, sili za masta silinda na bushi zilizokaa rafu miaka 40 zimezeeka sawa na zilizokuwa kwenye gari. Boksi likiwa halisi, mpira uliomo bado ni wa miaka 40. Hosi za breki zinunuliwe zenye tarehe ya karibuni. Mabomba ya chuma yaliyoshika kutu yabadilishwe kwa ya aloi ya shaba na nikeli, ya inchi 3/16, ambayo hayali kutu na hukunjika kwa mkono. Mdomo wa bomba uige umbo la ule wa zamani, na nati isilazimishwe: nyuzi za metriki na za inchi zinakaribiana kiasi cha kushikana mizunguko miwili kabla ya kuharibiana.

Mafuta ya breki yawe DOT 4. Yakiwa mapya huchemka juu ya nyuzi 230, na yakishanyonya unyevu kiwango chake cha chini ni nyuzi 155. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama pedali itabaki ngumu mtu akishuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu akiwa amebeba mizigo. Kwenye hewa ya pwani, badilisha kila mwaka wa pili bila kusubiri dalili. Ukikuta masta silinda yako ni ya saketi moja, hapo kuna badiliko halali: weka ya saketi mbili, ili bomba moja likipasuka magurudumu mawili yabaki na breki. Hilo halionekani mtu akifungua boneti kwa haraka, na linaweza kurudishwa. Kuweka kalipa kubwa za gari jingine mbele, kwa upande mwingine, huvuruga mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma, na diski za awali zikiwa nzima zinatosha kabisa kwa uzito wa gari hili.

Injini ya lita 2, yenye pistoni za milimita 88 na mwendo wa milimita 81, ina laina (mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Zinakalia sili chini na kubanwa na silinda hedi juu. Ukifungua hedi kisha ukazungusha kranki, pistoni huzipandisha laina, sili za chini huachia, na baada ya kuunganisha kila kitu maji huingia kwenye oili. Lawama huangukia gasketi, hedi hufunguliwa tena, na laina hupandishwa mara ya pili. Kabla ya kugusa kranki, bana kila laina kwa bolti, washa pana na kipande cha bomba. Laina zilizotolewa zikisharudishwa, pima kiasi zinavyochomoza juu ya bloku na ulinganishe na kitabu cha ufundi cha modeli yako. Kimo hicho ndicho kinachoibana gasketi.

Maji matupu kwenye rejeta ni desturi yetu ya muda mrefu, na kwa injini ya hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma ni desturi inayoila. Tumia kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu, theluthi moja hadi nusu, hata pale ambapo barafu haijawahi kuonekana. Kazi yake kwetu ni kulinda chuma na kupandisha kiwango cha kuchemka. Mkazi wa Nairobi akumbuke kwamba kwenye mwinuko wake maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kilicholegea humwadhibu mapema kuliko mtu wa Mombasa. Hewa nayo ni nyepesi kwa karibu asilimia 17, hivyo kabureta iliyosetiwa usawa wa bahari itamwaga petroli nyingi kupita hewa.

Feni ya awali ya 504 ni ya sumaku: hushika pale swichi ya joto inapoiamuru na huachia injini ikipoa. Ni kifaa bora, lakini brashi yake ya kaboni ikiisha au waya ukikatika, gereji nyingi huifunga izunguke muda wote, na gari huanza kuguna na kula mafuta. Brashi mpya, swichi nzima, na nafasi sahihi kati ya feni na puli huirudisha kazini. Petroli isiyo na risasi, iliyokuwa imeenea kwenye vituo vyetu kufikia 2006, kwa kawaida haina tatizo na injini hii, kwa kuwa hedi ya alumini ilibidi ipachikwe viti vya valvu vya chuma kigumu tangu kiwandani.

Baada ya hayo yote, ndipo tuulize gari linakosa nini.

Linakosa mikanda nyuma. 504 nyingi tulizonazo zina mikanda ya mbele iliyokufa, na siti ya nyuma haina kitu. Hili ndilo badiliko ambalo ningelifanya kabla ya jingine lolote, na ndilo hufanywa ovyo kuliko yote. Tafuta kwanza nati zilizochomelewa kiwandani, kwa kuwa wakati mwingine zimefichwa chini ya zulia au kitambaa cha nguzo. Pasipokuwa nazo, bolti iwe ya mikanda hasa, ya inchi 7/16 yenye nyuzi laini, ikipita kwenye sahani ya chuma ya milimita 75 kwa 50, unene wa milimita 3, iliyolala chini ya bati na pembe zake zimeviringwa ili zisikate bati siku ya ajali. Washa peke yake haitoshi: bati la milimita moja hupasuka na bolti kuchomoka nzima. Ncha ya juu isishikwe kwenye shelfu nyembamba ya nyuma, na isiwe chini sana ya bega, maana mkanda unaotoka chini hulikandamiza bega na uti wa mgongo kuelekea chini. Rili ya mkanda wa kujivuta ifungwe kwa pembe iliyokusudiwa na mtengenezaji. Ikilala vibaya, ama itajifunga wakati wote, ama haitajifunga inapotakiwa. Na mkanda uliotolewa kwenye gari lililogonga usinunuliwe hata ukiwa safi, kwa sababu ulishavutika mara moja.

Linakosa umeme wa kutosha kufika kwenye taa. Pima volti kwenye betri injini ikiunguruma, kisha pima kwenye soketi ya balbu taa zikiwaka. Tofauti ikizidi nusu volti, tatizo ni waya na swichi. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa balbu ya halojeni hupungua kwa karibu asilimia 30. Dawa ni rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) mbili, moja ya mwanga mfupi na moja ya mrefu, zikivuta umeme kutoka betri kwa waya wa milimita za mraba 2.5 kupitia fyuzi, huku swichi ya zamani ikibaki kuziamuru tu. Balbu mbili za wati 60 huvuta ampea 10, mzigo ambao swichi yenye umri wa miaka 50 haifai kubebeshwa. Taa zenye soketi ya zamani ya P45t zinaweza kuwekewa halojeni iliyotengenezwa na kitako hicho bila kugusa kioo. LED za kuchomeka sizipendekezi. Kioo cha taa kilichorwa kwa ajili ya uzi mmoja mwembamba uliokaa mahali pamoja. Chanzo cha umbo jingine hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja, huku dereva mwenyewe akidhani anaona vizuri kwa sababu mbele ya boneti kumekuwa kweupe.

Kuhusu moto: badilisha kila hosi ya petroli kwa inayohimili ethanoli, na weka kizima moto cha unga cha kilo 1 mahali dereva anapofikia akiwa amefunga mkanda, si ndani ya buti. Pampu ya mafuta ya awali huendeshwa na injini, na injini ikizima nayo huzima. Anayeweka ya umeme aongeze swichi ya mshtuko inayoikata gari likigonga, la sivyo pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto.

AC ije mwisho. Compressor ndogo kama Sanden SD505, ya sentimita za ujazo 87, haiilemei injini hii, na evapureta (sehemu inayopoza hewa ya ndani) inaweza kufichwa chini ya dashibodi. Lakini jumlisha mzigo wa umeme kwanza. Feni ya umeme ya kondensa (rejeta ya gesi ya AC) ni ampea 15 hadi 20, kipulizi ni 8 hadi 12, klachi ya compressor 3 hadi 4, taa 10. Hiyo ni ampea 36 hadi 46 kabla ya waipa, kwa hiyo alteneta iwe ya ampea 65 au zaidi. Feni ya kondensa haikwepeki, kwa sababu ile ya sumaku hungoja maji yapate moto kwanza. Wakati wa kuvuta hewa kabla ya kujaza gesi, fundi wa Nairobi asisubiri geji ifike karibu na −1 bar kama ya Mombasa. Shinikizo la hewa pale ni karibu bar 0.83, na geji yake itasimama hapo hapo hata pampu ikiwa nzima. Aendelee dakika 30 hadi 45, afunge, na aangalie kama sindano inarudi.

Waya za vifaa hivi vyote zipitie kwenye fungu lake la pekee wenye boksi lake la fyuzi, bila kukata hata waya mmoja wa kiwandani. Kila kilichotolewa kifungwe kwenye mfuko wenye lebo. Kwa namna hiyo, mwenye ndoto ya kusimamisha gari lake mbele ya majaji wa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, mashindano ya hali na unadhifu wa magari yaliyoanza mwaka 1970, anaweza kulirudisha lilivyokuwa kwa siku chache. Nami simwelewi mtu anayekataa kupachika mikanda nyuma kwa kuogopa kupunguziwa alama, kisha akawapandisha watoto humo humo kwenda nyumbani.

Pedi mpya zizoeshwe diski kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa, mara 10 hivi, bila kusimama kabisa huku umekanyaga, na kuziacha zipoe katikati. Baada ya kilomita 500, kaza tena nati za magurudumu, fuata maelekezo ya kitabu kuhusu bolti za hedi, kagua bolti za mikanda kwa spana ya kipimo, na ulaze karatasi nyeupe chini ya gari usiku mzima ili ujue kinachovuja kinatokea wapi.